Mtu wa Mlango

Siku tuliyowakwamisha watu angani pale Dagoretti Corner, tuliwakwamisha makusudi. Tulipowateremsha, walikataa kushuka. Mlango ulikuwa wazi, ngazi imewekwa, na Injinia Odhiambo amesimama chini kanyoosha mkono kama anayempokea bibi harusi. Wao wamekaa tu. Mwendesha bodaboda mmoja akatoa kichwa nje akasema, "Injinia, turudishe juu kidogo. Hadithi haijaisha."

Nitafika huko. Nimestaafu juzi, na nyinyi wa karakana mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla hayajanitoka. Ya vyeo na mishahara siyaandiki. Mwenye hamu nayo aulize ofisini, na akipata jibu aniambie na mimi. Nitaanza na kigoda.

Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa ovaroli mpya niliyoipiga pasi mpaka mifukoni. Nilikuwa nimetoka Machakos na cheti cha umeme na seti ya bisibisi niliyoinunua Gikomba. Fundi mkuu wa lifti alikuwa Bwana Jagdish wa Parklands, mtu mwembamba asiyeacha kuweka kalamu sikioni. Alinitazama, akazitazama bisibisi zangu, akanipa kigoda.

"Cha nini?" nikauliza.

"Ya kukalia. Enda ghorofa ya tano, kaa kwa mlango. Iko watu mbili ndani ya lifti. Ongea na wao."

"Niongee nini?"

"Mimi najua watu gani iko ndani? Enda uliza wao."

Nilipanda ghorofa zote tano nikiwa nimekasirika, tena kwa ngazi, maana lifti ndiyo hiyo ilikuwa imekwama. Niliamini nimepewa kigoda kwa sababu mimi ni mwanamke. Ilinichukua muda kugundua kwamba kabla sijaja, aliyekuwa akikalia kigoda kile ni Jagdish mwenyewe.

Kwa wale ambao hawajafanya kazi kwenye lifti za zamani, mambo yalikuwa hivi. Lifti ikikwama, mafundi wawili hupanda chumba cha mashine, juu kabisa ya jengo. Mmoja huachia breki kwa wenzo, mwingine huzungusha gurudumu kwa mikono, polepole, hadi lifti ilingane na sakafu. Kisha mlango hufunguliwa kwa ufunguo wa pembe tatu. Kampuni nyingine zilituma watu wawili tu. Jagdish alituma watatu, na wa tatu aliitwa mtu wa mlango. Kazi yake ni kukaa nje ya mlango uliofungwa na kuzungumza na waliomo.

"Gurudumu, mtu yoyote ya mabega inaweza zungusha," alikuwa akisema. "Mlango, hapana."

Alinifundisha kuanza na jina. Mtu akishaniambia anaitwa Wanjiru, basi ni Wanjiru aliyeacha maharagwe jikoni, na maharagwe tunaweza kuyazungumza. Alinikataza kusema "usiogope", kwa sababu asiyekuwa akiogopa ataanza. Alinikataza kutaja dakika. Aliniagiza niwaeleze kinachoendelea nje, kwa kuwa wao hawaoni. "Sema fundi anapanda ngazi," aliniambia, nami nikalishika hilo kama sala. Kisha kulikuwa na sharti moja ambalo hakulieleza kamwe: jina langu mimi nisilitaje mpaka mlango ufunguke. Nilidhani ni ili wasijue wa kumshtaki.

Fundi alikuwa akipanda ngazi kila mara, kwa maneno yangu. Pengine alikuwa ameshafika juu zamani. Pengine alikuwa bado kwenye foleni ya magari, jengo hajaliona. Haikunisumbua. Mlango wa chuma hauna dirisha.

Kesi ninayoikumbuka kwa furaha ni ya mpishi wa harusi kule Parklands. Ukumbi ulikuwa juu ya paa, na mpishi alikwama katikati akiwa na wasaidizi wawili na sufuria kubwa ya pilau. Kutoka juu wageni walikuwa wakipaza sauti, wakiuliza chakula kiko wapi. Harufu ilikuwa inapenya kwenye ufa wa mlango inanijia mimi niliyekunywa chai kavu asubuhi. Nikamuuliza mpishi anaipikaje. Akanieleza kuanzia kitunguu. Alipofika kwenye nyama nilisikia vijiko.

"Mama, kuna mtu anakula huko ndani?"

"Tunaonja tu," akasema. "Lazima nijue kama imepoa."

Walionja mpaka mlango ukafunguka. Wageni hawakugundua, na bibi harusi alituletea sahani tatu chumba cha mashine.

Ngumu ilikuwa ya bwana mmoja katika jengo la mawakili ambaye hakunijibu kabisa. Nilisema na mlango hadi koo likakauka. Nikamtuma mtu kwa Jagdish: huyu ameanguka au amekufa. Jagdish akashuka, akachuchumaa kando ya kigoda changu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bwana, kama hutaki ongea, sawa. Gonga moja." Tukangoja. Kisha, ko! Kuanzia hapo mazungumzo yakawa ya kugonga: moja ndiyo, mbili hapana. Una kiu? Ko. Unataka tunyamaze? Ko, ko. Mlango ulipofunguka alitoka mtu mzima mwenye suti, akanyoosha tai, akauliza choo kiko wapi. Sijawahi kumwona tena, lakini tangu siku hiyo sijamhesabu mtu aliyenyamaza kuwa ametulia.

Msidhani nilikuwa wa maneno tu. Bisibisi zangu zilipata kazi. Kioo ndani ya lifti, kwa mfano. Watu wa jengo moja walikuwa wanalalamika kwamba lifti yao ni ya polepole. Tukaweka kioo ukutani, na malalamiko yakaisha, ingawa lifti ilibaki na mwendo uleule. Walikuwa wanatengeneza kola na vilemba. Feni nayo: kabla haijampoza mtu, mlio wake humwambia kwamba humu ndani kuna kitu kinafanya kazi. Ndiyo maana feni isiyo na mlio sikuipenda kamwe. Taa ya dharura niliitaka ya manjano, kwani nyeupe humfanya kila mtu aonekane mgonjwa, na watu waliokwama hutazamana sana.

Jagdish alipostaafu, kigoda kikawa changu rasmi, na baadaye nikampa Halima. Wengi wenu mnamfahamu. Alikuja kwetu kutoka dawati la simu la kampuni ya teksi, na mara ya kwanza nilipomsikia akizungumza na mlango nilijua sina la kumfundisha isipokuwa mahali pa kununua soli nzuri, maana ngazi zinakula viatu.

Karibu na mwisho wa kazi yangu likaja jambo la magari ya waya, yale yanayopita hewani yakiwa yamening'inia kwenye kebo. Kulikuwa na watu waliotaka kuweka laini kutoka Dagoretti Corner, ipite juu ya Kileleshwa, ifike Parklands hadi katikati ya jiji. Kabla ya kuagiza mabehewa walitaka behewa moja la majaribio ili wajue abiria wa hapa atastarehe vipi. Walitafuta mtu anayejua vyumba vinavyoning'inia, wakaazima wawili kwenye kampuni yetu: mimi na Halima. Yadi ilikuwa nyuma ya maduka. Walisimamisha minara miwili, kila mmoja mrefu kama nyumba ya ghorofa nne, na behewa likawa linatoka huku kwenda kule juu ya stoo na kishamba cha sukuma wiki cha mlinzi.

Injinia Odhiambo ndiye aliyesimamia. Ni mtu wa adabu, anayesikiliza hadi mwisho kabla ya kukataa. Nilitaka viti vya kutazama mbele, kama basi, na sehemu ya chini ya kioo izibwe ili mtu asione miguu yake inaelea. Yeye akataka viti vinavyoelekeana na kioo mpaka sakafuni.

"Madam, mtu akiona kila kitu anazoea. Akifichwa, anaanza kufikiria kilichofichwa."

"Mimi nimefanya kazi na watu waliofichwa maisha yangu yote," nikamwambia.

"Ndiyo. Na wote walikuwa wanataka kutoka."

Hapo alinipata. Viti vikaelekeana. Matundu ya hewa tulikubaliana: chini ya viti na darini, kwa sababu behewa likisimama hakuna upepo wa mwendo, na jua la saa nane halina simile. Madirisha ya kufungua alikataa, akisema watu wa Kileleshwa hawajalipa kodi ya nyumba ili waangukiwe na magunzi ya mahindi. Mimi nikaleta ndoano za kutundikia vikapu na helmeti za bodaboda, na mpira wa sakafuni wenye vijishimo kwa siku za mvua. Baridi ya Julai ikatufunza kwamba pumzi za watu wanane zinaweza kulifanya behewa la kioo liwe kama chupa ya maziwa, tukaongeza matundu.

Kitu kimoja hatukukubaliana. Karibu na mlango kulikuwa na kitufe cha kijani cha kuita msaada. Odhiambo alikuwa ameandaa sauti iliyorekodiwa, Kiswahili fasaha kabisa, ya mwanamke asiyewahi kuchelewa popote: "Abiria mpendwa, kumetokea hitilafu ndogo. Mafundi wetu wanaishughulikia. Tafadhali tulia." Mimi nilitaka ukibonyeza, mtu ajibu. Na mtu huyo nilishamjua. Kampuni yetu ilikuwa imetangaza kwamba lifti mpya zitapiga simu zenyewe na mashine itapokea, kwa hiyo kigoda cha mlangoni kitaondolewa. Bila kitufe kile, Halima hakuwa na pa kwenda na sauti yake.

Tukaamua kulipima jambo lenyewe. Tupandishe abiria wa kawaida, tusimamishe behewa katikati, tusikie. Tuliwaambia mapema kwamba litasimama. Hatukuwaambia litasimama lini wala kwa muda gani. Walikuja wanane. Mmoja alikuwa Njoro, mwendesha bodaboda wa pale stendi. Mwingine alikuwa Savita, mke wa Jagdish, niliyemwalika kwa sababu magoti yake ni mabaya na nilitaka kuona kama kizingiti ni kirefu kwake. Jagdish mwenyewe alikataa kuja. Alisema hapandi kitu ambacho hajui nani anajibu.

Behewa likapanda, likafika juu ya sukuma wiki, likasimama. Likayumba kidogo, likatulia. Ile sauti iliyorekodiwa ikaanza: Abiria mpendwa. Wakaisikiliza kama watu wanavyosikiliza tangazo la mitandao ya simu. Ikarudia. Mara ya tatu msichana mmoja alianza kushika mlango, na Odhiambo akanipa kipaza sauti.

Nilijisikia kijana. Nikauliza majina, wakanitajia. Nikasema kama nilivyosema kwenye milango yote ya jiji hili, "Basi Njoro, fundi anapanda ngazi sasa hivi."

"Fundi gani, madam?" akasema Njoro. "Yule wa ovaroli ya bluu? Si tunamwona. Anakula chapati."

Yadi nzima ikageuka. Fundi wetu, chini ya mnara, akaweka mkono nyuma.

"Saa hii ameificha," akaripoti Njoro.

Walicheka, lakini hakikuwa kicheko cha kunipenda. Msichana aliyeshika mlango akasema, "Kumbe mnatudanganya," na ndani ya behewa kukaingia baridi ambayo hata Julai haikuileta. Maisha yangu yote nilikuwa nimewaelezea watu wasioona. Hawa walikuwa wanaona kuliko mimi.

Halima akakichukua kipaza sauti mkononi mwangu, taratibu, kama mzee anavyopokewa kikombe.

"Ni kweli, bado anakula," akasema. "Amalize, halafu apande, kupanda na njaa ni hatari. Sasa niambieni, nyinyi mko juu, mimi niko chini hapa, mbele yangu ukuta wa stoo tu. Mnaona nini?"

Njoro akajibu, "Naona stendi. Na naona kuna mtu amekalia pikipiki yangu. Wee! Toka hapo!" Mwingine akaona nguo zake alizoanika, na mvua ikija kutoka Ngong. Yule msichana akaachia mlango ili aonyeshe nyumba anakofanya kazi, upande wa Kileleshwa, na akaapa anaona bosi wake amelala kwenye baraza wakati amesema yuko kazini.

"Na wewe, mama?" Halima akamuuliza Savita.

"Mimi naona mjini," akasema Savita. "Ile ghorofa ndefu. Nyuma yake iko moja fupi, haionekani. Mimi ilikwama kwa lifti ya hiyo moja, bado msichana, napiga taipu kwa ofisi ya wakili."

Nilikuwa nimemjua Savita kwa miaka mingi, nimekula kwake Diwali na Krismasi. Hili sikuwahi kulisikia.

"Nikasikia sauti kwa mlango," akaendelea. "Inauliza, dada, jina yako nani? Nikasema Savita. Wewe je? Akasema, mimi nitaambia wewe mlango ikifunguka. Halafu akasema, fundi anapanda ngazi. Akanyamaza. Lifti ikatingika kidogo. Halafu sauti ikarudi, inahema kama mbwa: fundi anapanda ngazi! Kimya tena. Lifti ikatingika. Tena: fundi anapanda ngazi! Mimi nikamwambia, kaka, hii jengo iko ghorofa sita. Huyu fundi yako amepanda ishirini. Anaenda wapi, mbinguni?"

Njoro alikuwa anapiga goti kwa kicheko. "Si huyo alikuwa anakudanganya, nyanya, kama huyu madam wetu!"

"Hapana," akasema Savita. "Hiyo ndiyo mimi ilikuja kujua. Fundi ilikuwa yeye. Peke yake. Anapanda juu, anazungusha gurudumu kidogo, anakimbia chini kuniambia, anapanda tena. Mpaka mlango ikafunguka, na mimi nikaona..."

Hapo fundi wetu, chapati ikiwa imekwisha, alikuwa ameshafika juu ya mnara na kuwasha mtambo. Behewa likaanza kushuka. Sauti iliyorekodiwa ikaamka: "Abiria mpendwa, asante kwa uvumilivu..."

"Nyamaza wewe!" wakaipigia kelele wote kwa pamoja.

Ndiyo maana hawakushuka. Odhiambo alisimama na mkono wake hewani hadi Savita alipomaliza, na mimi nilisimama nyuma yake nikisikiliza kwa masikio yote mawili. Mlango ulipofunguka, Savita alisema, alimwona kijana amelowa jasho, grisi mpaka kwenye nyusi. Akamuuliza, fundi yuko wapi? Akasema, ndiye mimi. Akamuuliza, na jina?

"Amesahau!" akasema Savita. "Anafungua mdomo, anafunga. Jina yake mwenyewe! Sasa mimi nikarudi Jumatatu kuuliza."

Basi hapo ndipo lilipotoka lile sharti ambalo Jagdish hakulieleza kamwe. Na sentensi niliyoitumia kama sukari ya kutulizia watoto, mwenyewe aliitumia kwa sababu ilikuwa kweli na mapafu yake yalikuwa yanapasuka. Baadaye nilimuuliza Jagdish kwa nini hakuniambia. Akasema hakujua mimi nasema tu. Alidhani nikisema fundi anapanda, nimemwona.

Odhiambo alikaa nami kando ya sukuma wiki baada ya wageni kuondoka. "Nimekubali ilienda vizuri," akasema. "Lakini madam, hatuwezi kufunga nyanya mmoja kila behewa."

"Sikutaka nyanya. Nataka Halima."

"Halima mmoja? Laini itatembea tangu alfajiri hadi usiku. Atakula saa ngapi? Itabidi wawe kadhaa, na wakubwa wataniuliza wanalipwa kungojea nini, siku ambayo hakuna kilichokwama."

Hakujifanya kwamba ameshinda. Aliwaandikia wakubwa kwamba yote mawili yanawezekana: mashine iseme kwanza, mtu afuate. Viti vya kuelekeana walivikubali siku ileile, na ndoano za vikapu pia. Kuhusu kitufe walisema wanalitafakari, na bado wanalitafakari.

Halima amepata nafasi ya mapokezi katika hospitali moja, nao wanataka jibu. Alinipigia Jumapili. "Madam, nisubiri au niende?" Nilimwambia nitaenda yadi nijionee. Jagdish naye, kila nikinywa chai kwao Parklands, haulizi habari zangu kwanza. Anauliza, "Ile kitufe. Mtu akibonyeza, nani iko upande ya pili?"

Nimeenda. Behewa bado linaning'inia, na mlinzi ameongeza safu ya vitunguu chini yake. Kitufe cha kijani kinawaka. Waya wake unashuka na mnara, unapita chini ya sukuma wiki, unaingia ofisini na kutokeza ukutani juu ya meza. Kushoto mwa meza kuna kisanduku cha sauti iliyorekodiwa, hakijaunganishwa. Kulia kuna kipaza sauti, na kile kigoda, ambacho Halima hajakichukua. Ncha ya waya imefungwa utepe mweusi. Niliuvuta kidogo kuupima. Unafika kote kuwili.